Mtu wa Kuvunja Maji

22 Aprili 1974

Kulia: 6, 4, 5, 4. Kushoto: 5, 6, 4, 31.

Hesabu za namna hii zitafungua siku nyingi za kazi katika daftari hili, kwa hiyo nizieleze mara moja. Ndege yetu, inayofungwa gatini mtoni hapa Juba, haina magurudumu. Inasimama juu ya maboya mawili ya bati, marefu kama mitumbwi, na kila boya limegawanywa vyumba vinne. Maji hupenya. Kila asubuhi kabla ya kuruka, Lodu, fundi wetu, huingiza pampu ya mkono katika kila chumba na kuvuta mpaka itoe hewa tupu, nami naandika mivuto. Chumba cha nne cha boya la kushoto kinavuja kuliko vingine vyote.

"Kapteni, huyu bibi ni mzee," amesema Lodu leo. "Mzee lazima anakojoa. Sasa wewe iko andika kila siku amekojoa mara ngapi. Haya hapana?"

Lodu alikulia kambi ya jeshi Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. Nimemjibu kwamba sina haya. Ndege ilitengenezwa mwaka 1948, mimi nilizaliwa 1946, na mpaka sasa bibi huyo amefanya kazi nyingi kuliko mimi.

Daftari la ndege naliandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya ofisi. Hili naliandika kwa Kiswahili nilichosomea Kitale tulipokuwa wakimbizi, na ni langu peke yangu. Dada yangu Betty aliniona nikifungua ukurasa wa kwanza akauliza kama ni barua ya mchumba. Nikasema ni ya mvua. Mvua zimeanza.

26 Aprili

Kulia: 6, 4, 4, 4. Kushoto: 5, 5, 4, 33.

Lokwaji, dakika arobaini na tano kutoka Juba. Kila Jumanne na Ijumaa tunapeleka dawa katika zahanati ya huko. Lokwaji ni kijiji cha Wamundari kilicho kando ya ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo na gugu maji. Tangu mafuriko makubwa ya miaka ya sitini hakuna barabara wala kiwanja. Kuna maji tu, na ndiyo maana Emilio, msimamizi wetu, aliandika barua miaka miwili mpaka akaipata ndege hii kongwe.

Niandike hapa jambo ambalo sikufundishwa sawasawa katika chuo cha marubani kule Soroti, maana huko tulijifunza kutua juu ya lami. Asubuhi pasipo upepo ziwa linakuwa kioo. Unaona mawingu chini yako na mawingu juu yako, na hujui maji yako wapi. Unaweza kudhani umebakiza mita kumi kumbe umefika, au ukadhani umefika kumbe bado mita kumi. Marubani wengi wa maboya wamekufa siku nzuri, zisizo na upepo.

Kwa hiyo Lokwaji tuna Lokosang. Ni mvuvi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Akisikia injini anaingia mtumbwini na kupiga makasia katikati ya ziwa, mbele na nyuma, kulia na kushoto, mpaka maji yajae mikunjo. Yeye huita kazi hiyo kuvunja maji. Mimi nazunguka juu. Akimaliza anajiondoa mpaka kwenye kichuguu kikubwa upande wa mashariki, anasimama juu yake na kuinua gunia jeupe la unga. Gunia likiinuka, maana yake mtumbwi umetoka na njia ni safi. Nikiliona, natua.

Leo alituletea samaki wa moshi. "Wa kwako mkubwa, wa fundi mdogo," alisema kwa Kibari, "maana fundi anaongea mno."

30 Aprili

Upepo mzuri. Lokosang hakuwa na kazi, akakaa kichuguuni akivuta kiko.

7 Mei

Kulia: 6, 5, 5, 4. Kushoto: 6, 6, 4, 38.

Nusura. Nilikuwa nimeanza kushuka, maana niliona nyeupe juu ya kichuguu. Lodu akanipiga bega: "Ndege hiyo! Ndege ya manyoya!" Walikuwa nyange watatu wamesimama pamoja. Mtumbwi ulikuwa bado katikati. Nikaongeza moto, tukapanda tena.

Baada ya kutua nilikwenda moja kwa moja kichuguuni. Nikamwambia Lokosang kwamba gunia jeupe halifai, nyange wamejaa ziwa zima. Akacheka. "Mimi nimekuwa nyange sasa?" Lakini nilipomweleza ingekuwaje, aliacha kucheka.

Ishara lazima iwe rangi isiyopatikana ziwani. Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Kijani hapana, ni mafunjo. Zambarau hapana, ni maua ya gugu maji. Nyeusi hapana, mitumbwi. Nyekundu.

12 Mei, Jumapili

Baada ya misa nilikwenda na Betty sokoni Malakia. Mfanyabiashara alikuwa na kitambaa kimoja tu chekundu kweli, chekundu kama pilipili, na hakutaka kukikata. Nikanunua chote.

Betty amekata kipande cha ishara na kukikunja pindo mara mbili ili upepo usikichane. Kilichobaki amekigeuza-geuza mkononi.

"Hiki nacho utakifanyia nini?"

"Sijui. Weka."

"Huyo mtu wako wa ziwani hana watoto?"

Nikasema ana binti, Teresina, wa miaka tisa hivi. Mama yake alikufa wakati wa vita.

"Basi kaa hapo unionyeshe urefu wake," akasema Betty. Nikaonyesha kwa mkono, kifuani kwangu. Amekaa kwenye cherehani aliyorudi nayo kutoka Kitale na kabla ya jioni gauni lilikuwa tayari, lenye mikono mifupi na mfuko mmoja mbele.

17 Mei

Kulia: 6, 5, 5, 5. Kushoto: 6, 6, 5, 37.

Nimekabidhi vyote viwili. Lokosang alijifunga kitambaa cha ishara kiunoni kwa fundo, akasema hapo ndipo kitakapokaa, hakitapotea. Teresina alilipokea gauni kwa mikono miwili. Alilinusa. Natalina, nesi wa zahanati, akamwambia ashukuru, mtoto akakimbia nyuma ya nyumba.

"Ni la sikukuu," Lokosang akaamua. "Pasaka na Krismasi."

"Pasaka imepita," akasema Natalina.

"Itarudi."

24 Mei

Kioo tena. Kitambaa chekundu kinaonekana toka mbali ajabu. Nilikuwa bado kilomita tatu nikakiona kikiinuka kama moto wa kiberiti. Nimejisikia fundi hodari. Nimeandika katika daftari la ndege: "Tatizo la ishara ya Lokwaji limekwisha."

4 Juni

Mvua. Hatukuruka.

7 Juni

Mvua. Hatukuruka. Betty ana mihogo yake shambani Gurei, anasema itaoza.

14 Juni

Kulia: 7, 5, 6, 5. Kushoto: 6, 7, 5, 44.

Nimegombana na Lodu. Nilikuta ameandika hesabu za pampu kabla hajapampu. Akasema amezizoea, anazijua kama namba ya kitanda chake jeshini. Nikamwambia mtu wa namna hiyo ataua watu. Neno kali, na nililisema mbele ya wapagazi. Amepampu vyumba vyote nane upya, akihesabu kwa sauti kubwa mpaka watu wa meli wakageuka kutazama. Chumba cha nne kilikuwa 44, kama alivyoandika.

Hata hivyo nadhani ni mtu mzembe. Sijui kama ni wa kuaminiwa.

2 Julai

Kulia: 7, 6, 6, 5. Kushoto: 7, 7, 5, 47.

Lokosang aliomba kupanda. Tulikuwa na nafasi, nikamzungusha juu ya ziwa mara mbili. Alikaa kiti cha Lodu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kanisani. Tulipopita juu ya gati yao alitazama chini kwa muda mrefu.

"Ule ni mtumbwi wangu?"

"Ndiyo."

"Kumbe mimi huwa mdogo hivi." Kisha akaniuliza, "Ukiwa hapa juu unanionaje?"

"Wewe sikuoni vizuri. Naona kitambaa."

Akakigusa kiunoni.

Teresina alikuwa amesimama gatini tuliporudi, ana wivu. Akaniuliza kama niliwaona watu wakiwa juu. Nikasema naona rangi kuliko watu. Nikamwuliza mbona halivai gauni lake. Akasema baba anakataa mpaka sikukuu.

"Basi siku ukilivaa nitakuona toka juu," nikamwambia. "Na nikikuona nitatikisa mabawa, hivi." Nikainama kulia na kushoto, mikono nimeinyoosha. Akacheka mara ya kwanza tangu nimjue. Meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yanaota.

12 Julai

Kawaida.

16 Julai

Kawaida. Samaki wawili.

30 Julai

Kulia: 7, 6, 6, 6. Kushoto: 7, 8, 6, 52.

Lodu alizama chini ya boya akiwa na turubai na lami, akaziba alichoweza. Mara tano alizama. Mto umejaa na mkondo ni mkali, na mimi nilishika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Aliibuka akitetemeka. Nikampa koti langu. Ni mara ya kwanza tumekaa pamoja bila kubishana.

9 Agosti

Natalina ametukabidhi barua tumpelekee Emilio. Surua imeingia Lokwaji. Watoto wanne wamekufa kwa siku kumi. Anaomba chanjo.

13 Agosti, Jumanne

Chanjo imefika kutoka Khartoum ndani ya sanduku la barafu. Mvua tangu alfajiri, ukingo wa pili wa mto hauonekani. Hatukuruka. Emilio ametembea ukingoni siku nzima na mwavuli.

14 Agosti

Mvua. Barafu imebaki nusu.

"Kesho," amesema Emilio, "hata kwa kuogelea."

15 Agosti, Alhamisi

Naandika tarehe kumi na saba. Nitaandika kwa utaratibu.

Kulia: 7, 7, 6, 6. Kushoto: 8, 8, 6, 58.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mvua ilikatika. Anga lilikuwa wazi kuelekea kaskazini, na nyuma yetu, kusini, wingu jeusi lilikuwa linakusanyika upya. Nilijua nina saa mbili za kwenda na kurudi. Barafu ilikuwa vipande vya ukubwa wa ngumi. Tukaruka saa moja kasoro dakika kumi.

Saa moja na dakika thelathini na tano tulifika juu ya Lokwaji. Hakuna upepo hata kidogo. Ziwa lilikuwa kioo, na jua lilikuwa chini, upande wa mashariki, likiwaka juu ya maji. Nilipita mara moja. Nikamwona Lokosang akiingia mtumbwini. Nikafanya mzunguko mpana kuelekea magharibi kumpa muda, na kwa dakika mbili ziwa lilikuwa nyuma ya bawa, silioni. Niliporudi niliona mikunjo ya maji, kazi nzuri kama siku zote. Nikatazama kichuguu.

Nyekundu ilikuwa juu ya kichuguu.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliona kingine. Niliona nyekundu, mahali pake, imesimama. Siku nyingine zote huinuka na kushuka. Siku ile haikushuka. Ni hilo tu ambalo ningeweza kuliona na sikuliona.

Nikapunguza moto. Ndege ya maboya inapotua huinua pua, na pua ikiinuka rubani haoni mbele, anaona pembeni tu. Lodu alikuwa amegeuka nyuma, ameshika sanduku la barafu lisianguke. Maboya yaligusa maji. Kisha pigo, si kubwa, kama gogo. Boya la kushoto liliruka na kurudi.

Nilidhani ni gogo. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilifurahi kwamba ni gogo.

Lodu alifungua mlango kabla hatujasimama, akatazama nyuma, akajitupa majini na nguo zake zote. Nilizima injini. Kulikuwa kimya kabisa. Mtumbwi ulikuwa nusu mbili. Lodu alimfikisha Lokosang kwenye boya, nami nikamvuta juu, nikamlaza pale pale tunaposimama kupampu. Kifua kilikuwa kimeingia ndani. Alipumua kama mara sita au saba. Alinitazama, sijui kama aliniona. Kisha hakupumua.

Kitambaa kilikuwa kiunoni mwake. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Ndipo nikatazama kichuguuni. Teresina alikuwa amesimama palepale, ndani ya gauni. Mkono mmoja ulikuwa juu, hajaushusha. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Sisi huja Jumanne na Ijumaa, na sikukuu iliangukia Alhamisi. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kanisa, akasikia injini, akakimbilia mahali ambapo alijua naangalia.

Sikutikisa mabawa. Nilidhani ni baba yake.

Watu walikuja na mitumbwi. Kilio kilianza upande wa gati kikazunguka ziwa zima. Natalina alishika mkono wa Lokosang, akauweka chini, kisha akaniuliza sanduku liko wapi. Sikumwelewa. "Chanjo, Cirillo. Barafu haingoji." Akawapanga watoto mstari mbele ya zahanati huku wanawake wakilia ndani, akachanja mpaka chupa ya mwisho. Teresina alikuwa kwenye mstari. Niliona mkono mfupi wa gauni ukikunjwa na pamba ikipita.

17 Agosti

Nilichoandika tarehe 24 Mei nimekisoma tena.

Niliwafikiria nyange. Niliyafikiria mafunjo, maua, mitumbwi. Nilitafuta rangi isiyopatikana ziwani, kisha nikaipeleka ziwani mara mbili kwa siku moja.

20 Agosti

Emilio amekuja nyumbani. Maafisa wawili wa usafiri wa anga wanakuja kutoka Khartoum wiki ijayo. Alikaa kwenye kiti cha Betty, kofia magotini. Amezeeka.

"Ya Cirillo, nisikilize. Mtu alichelewa kutoka njiani. Hutokea. Mtumbwi, kioo, jua. Ukisema hivyo hawatakugusa."

"Hakuchelewa. Alikuwa anafanya kazi yake."

"Amekufa. Haitamuumiza."

"Ana ndugu. Wataambiwa alijiua kwa uzembe."

"Na wewe ukikosa leseni nani ataruka? Nimeandika barua miaka miwili! Natalina ataletewa dawa na nani, na kasuku?" Kisha akaona aibu, akashika uso. "Basi niambie uliona nini. Uliona ishara?"

Zamani nilidhani Emilio ni mtu anayependa ndege. Sasa naona anawapenda watoto wa zahanati ile, na kwa ajili yao atamtwika lawama hata marehemu.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikimwambia ukweli, ataushika kama mtu anayezama. Utaandikwa: rubani alipotoshwa na mtoto aliyevaa nyekundu. Karatasi itasomwa Khartoum na Juba, na habari itafika Lokwaji, kwa sababu kila habari hufika Lokwaji, mara nyingi kwa ndege yetu. Hapo Teresina ataijua maisha yake yote. Ana miaka tisa.

21 Agosti

Njia ni tatu tu. Kumlaumu aliyekufa. Kumlaumu mtoto. Au hii ya tatu.

22 Agosti

Lodu alikuwa anapiga bati jipya kwenye boya. Hakuinua kichwa.

"Kapteni, mimi iko na macho."

Nikamshikia bati.

"Kabla hatujashuka, mimi nilitazama. Mara moja tu. Nikaona nyekundu, nikasema moyoni, sawa. Nikageuka kushika barafu." Akapiga nyundo mara mbili. "Wewe na mimi. Wote wawili tuliona."

"Utawaambia?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nashika barafu. Mimi sikuona kitu." Sasa akaniangalia. "Wewe utasema nini?"

"Kwamba sikungoja ishara."

Kisha akachukua pampu na kuanza chumba cha kwanza, akihesabu kwa sauti ya chini. Nilimwita mzembe katika kurasa hizi, na mbele ya wapagazi nikamwambia ataua watu. Aliyeua ni mimi, mwenye kuandika kila kitu.

27 Agosti

Maafisa walikuwa wapole. Mmoja alikuwa rubani zamani. Aliniuliza kwa Kiingereza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama anashikilia mlango wazi ili nitoke.

"Huenda uliona kitu ukakidhania ishara?"

"Hapana."

"Jua lilikuwa machoni?"

"Lilikuwapo. Lakini kanuni ni kungoja kitambaa. Kitambaa kilikuwa kiunoni mwake. Sikungoja, kwa sababu ya barafu na wingu."

Aliweka kalamu chini. Alijua kuna kitu. Kisha akaichukua, akaandika.

6 Septemba

Leseni imechukuliwa. Ndugu wa Lokosang na ofisi wamekubaliana kuhusu ng'ombe wa fidia. Nilikaa mbele ya wazee wa ukoo na kusema nilichowaambia maafisa, safari hii kwa Kibari. Mmoja akatema mate chini, karibu na mguu wangu. Ilikuwa haki yake.

Betty ameniuliza usiku na mchana kwa nini sikungoja. "Wewe? Wewe unayehesabu mpaka viberiti?" Siwezi kumwambia. Yeye ndiye aliyeshona. Kipande cha mwisho cha kitambaa kile bado kiko katika kikapu chake, chini ya cherehani. Amekitumia kushikia sindano.

20 Septemba

Rubani mpya amefika kutoka Nairobi, kijana mpole. Emilio ameniacha nifanye kazi ya gatini chini ya Lodu. Lodu ananiita Kapteni bado, mbele ya wapagazi.

24 Septemba

Kulia: 6, 5, 5, 5. Kushoto: 5, 6, 5, 5.

Bati jipya. Ndege haijawahi kuwa kavu hivi.

Nimemwandikia rubani mpya kanuni ya Lokwaji. Ndugu yake Lokosang ndiye atakayevunja maji. Ishara ni mkeka mzima: uinuliwe juu ya miti miwili, kisha ushushwe, kisha uinuliwe tena. Akaniuliza kwa nini mkeka. Nikasema kwa sababu hakuna mtu anayevaa mkeka. Alidhani ni mzaha, akacheka kwa adabu.

11 Oktoba, Ijumaa

Kulia: 5, 5, 4, 5. Kushoto: 5, 5, 4, 6.

Lodu ana homa, kwa hiyo nilikwenda Lokwaji badala yake, kama mtu wa kufunga kamba. Sikuwa nimefika tangu siku ya kikao cha wazee. Mkeka uliinuka, ukashuka, ukainuka. Tulitua vizuri.

Rubani alikwenda na Natalina zahanati kuhesabu dawa. Nilibaki kwenye boya nikipampu. Teresina alikuja gatini peke yake. Kichwa kimenyolewa, kanga ya zamani imefungwa shingoni. Amerefuka. Alisimama mbali kidogo.

"Wewe ndiye uliyemwua baba."

"Ndiyo."

"Walisema hukungoja."

"Sikungoja."

Alitazama maji. Nikaona mikono yake, vidole vimeshikana na kukazwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe, nikajua kwamba hilo silo alilokuja kuuliza.

"Siku ile," akasema, "nilivaa gauni."

"Sikujua."

"Nilisimama pale." Akaonyesha kichuguu kwa kidevu. "Uliniona?"

Pampu ilikuwa ndani ya chumba cha tatu. Nilikuwa nimefika mvuto wa pili.

"Hapana," nikasema. "Sikukuona."

"Hata kidogo?"

"Jua lilikuwa machoni. Nilitazama maji tu. Teresina, mimi nilikuahidi nini? Nikikuona nitafanya nini?"

Alifikiri. "Utatikisa mabawa."

"Je, nilitikisa?"

Akalirudisha jambo lote kichwani, nikamwona akilirudisha, ndege ikitoka magharibi, mabawa yakiwa yamenyooka kama ubao mpaka majini. Ilichukua muda. Vidole vikaachana.

"Hapana," akasema. "Hukutikisa."

"Basi."

Alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akakaa kwenye ukingo wa gati, miguu ikining'inia, mbali nami bado. Hakunisamehe, na sikutaka anisamehe. Baada ya muda akasema, si kwangu hasa, kwamba Natalina ameliweka gauni sandukuni, na kwamba likirefushwa pindo litamtosha Krismasi.

"Litakutosha," nikamwambia.

Rubani aliporudi nilikuwa nimepoteza hesabu ya chumba cha tatu. Nikaanza upya. Nne.